Kutoka Birere Hata Rwindi: Mali Iliyo Mlangoni Petu

Watoto wa Birere wajua mengi. Wajua bei ya unga kwa faranga na kwa dola. Wajua saa ya kufunguliwa mpaka mdogo wa kwendea Gisenyi. Wajua kusukuma chukudu lililojaa mizigo katikati ya msongamano wa watu. Lakini ukiwauliza gorila, yaani ngagi, yu mnyama wa namna gani, wengi watakujibu kwa picha waliyoiona katika simu. Nao wakaa karibu na ngagi kuliko watoto wengi wa dunia hii! Kwa hiyo twapenda leo kuwaongoza wazazi na watoto wao, hatua kwa hatua, katika njia iendayo kaskazini, wapate kujua ni mali gani iliyowekwa mlangoni pao.

Safari yaanza mjini penyewe. Mawe meusi yaliyojengewa kuta za Goma yalitoka tumboni mwa Nyiragongo, mlima wa moto wenye urefu wa mita 3,470. Ulilipuka mwaka 1977, tena 2002, tena 2021. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulishuka, ukapita katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaishia ziwani. Maelfu ya jamaa wakakimbilia Gisenyi. Basi, baba, usipite na mwanao juu ya mawe hayo bila neno. Mweleze kwamba mlima uo huo unaotutisha ndio unaotulisha, maana mawe ya moto yakiisha kuoza kwa miaka mingi huwa udongo mweusi wenye rutuba, nao huzaa maharagwe, viazi na kabichi zishukazo sokoni kwetu.

Tukiisha kupita Kibati, wanakoanzia wapandao Nyiragongo, na Kibumba, twafika Rumangabo, makao ya Mbuga ya Taifa ya Virunga. Mbuga hii ilianzishwa mwezi wa Aprili 1925, ikaitwa kwa jina la Albert, mfalme wa Ubelgiji. Ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza katika Afrika nzima. Leo eneo lake ni kama kilomita za mraba 7,800, toka milima ya moto hata theluji ya Ruwenzori. Yafaa kusema kweli yote: wakati ule wenyeji hawakuulizwa shauri. Wengi walikatazwa kulima na kuwinda katika nchi ya babu zao, na uchungu huo haujaisha katika vijiji vya jirani.

Katika mianzi na misitu ya mlima Mikeno ndipo wakaapo ngagi. Dume mkubwa, mwenye manyoya ya fedha mgongoni, huongoza jamaa yake kama mzee wa boma: yeye huchagua njia, yeye huamua saa ya kupumzika, yeye hutangulia penye hatari. Chakula chao ni majani na machipukizi, na kila jioni hujitengenezea kitanda kipya. Mwaka 1981 walihesabiwa kama 250 tu katika milima hii yote, ya Kongo, Rwanda na Uganda. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilikuwa 604. Katika nchi iliyoona vita vingi namna hii, kuongezeka huko ni jambo la kushangaza sana.

Tukiendelea, twapita mji wa Rutshuru, kama kilomita 70 kutoka Goma, halafu nchi yafunguka mbele yetu: ni uwanda wa Rwindi, wenye nyati, swala, tembo na simba, na mbele yake ziwa Edward. Asimamaye juu ya miinuko ya Kanyabayonga huuona wote chini yake. Hapa kuna fundisho kwa kila mwenye nyumba. Katika miaka ya 1970 viboko wa mbuga hii walizidi 25,000. Watu wenye silaha wakawaua kwa ajili ya nyama na meno, hata ilipofika mwaka 2006 hawakutimia 1,000. Ikawaje? Kinyesi cha kiboko hurutubisha maji, na maji yaliyorutubishwa hulisha samaki. Viboko walipokwisha, wavuvi wa Vitshumbi nao waliona nyavu zao nyepesi. Aliyeua kiboko alipunguza kitoweo cha jirani yake.

Wasomaji wapenzi, twajua mtakalouliza: nani aweza leo kuwapeleka watoto huko? Machi 2020 wageni walizuiwa kwa sababu ya korona. Tarehe 24 Aprili mwaka uo huo askari 12 wa mbuga waliuawa karibu na Rumangabo, pamoja na raia. Jumla ya askari waliokufa kazini yapita 200. Mwishoni mwa 2021 vita vya M23 vikafumuka upya, na Januari 2025 Goma wenyewe ukatekwa. Hatumshauri mzazi awaingize wanawe penye bunduki.

Lakini liko jambo lisilongoja amani, nalo li jikoni. Makaa mengi yachomwayo Goma yametoka katika miti ya mbuga hiyo. Julai 2007 ngagi kadhaa wa kundi la Rugendo walipigwa risasi, na wengi walioyachunguza mauaji hayo waliyahusisha na biashara ya makaa. Hatumlaumu mama apikaye. Watoto hawali maneno. Ila jiko lizuialo moto usipotee hovyo, maharagwe yaliyolowekwa usiku, na sufuria yenye kifuniko, hupunguza gunia la makaa na kuokoa fedha ya nyumba. Akiba hiyo ni ya mama kwanza, kisha ni ya msitu.

Tena safari yaweza kuanza kwa maneno. Jioni, mbingu zikiwa safi, mwonyesheni mtoto Nyiragongo, mtajieni Mikeno, Rwindi na Vitshumbi. Siku njia itakapofunguka, asiende huko kama mgeni, bali kama mtu akaguaye shamba la kwao. Kwani mtu hulinda kwa moyo wote kile tu akijuacho kuwa ni chake.