FUNDI WA KARO: JITAYARISHE KWA MTIHANI, LINDA MAPAFU NA MAGOTI

Pengine wewe ni mmoja wa wale ambao, wakimaliza zamu yao Mashamba, Kamoto ao Luilu, wanajifunza ufundi wa kuweka karo. Tunakupongeza. Kazi ya mgodi ina mwisho wake, na wazee wa Kolwezi wanalijua jambo hilo. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliacha kazi kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na pesa za Benki ya Dunia. Yule aliyekuwa na ufundi mwingine mkononi alikuwa na mahali pa kuanzia.

Lakini ufundi bila karatasi unalipwa kidogo. Mwenye nyumba hakujui, shefu wa ujenzi hakujui. Cheti ndicho kinachosema kwa niaba yako. Hapa kwetu Kongo, INPP iliundwa mwaka 1964 juu ya kufundisha na kukamilisha mafundi. Kule Tanzania kuna VETA. Kule Kenya, NITA inapima mafundi kwa madaraja matatu: la 3 ni la chini, la 1 ni la juu. Kabla ya kujiandikisha, uliza vizuri masharti ya mtihani utakaofanya na vyombo unavyopaswa kuleta.

Leo ukurasa wetu unataka kukuambia jambo moja: jitayarishe kwa mtihani na kwa afya pamoja, maana mazoea yanayolinda mwili wako ndiyo yanayonyoosha pavema yako.

MASWALI NA KAZI YA MIKONO

Mtihani wa ufundi kwa kawaida una sehemu mbili: maswali, na kazi ya mikono mbele ya mtahini. Hata Marekani, mtihani wa mafundi wa karo wa CTEF unafuata njia hiyo: maswali kwanza, kisha siku moja ya kuweka karo.

Kwa maswali, zoea hesabu. Chumba kina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3,60. Eneo lake ni mita 14,40 za mraba. Karo ya sentimita 40 kwa 40 ina eneo la mita 0,16 ya mraba. Gawanya: unapata karo 90. Ongeza sehemu ya kumi juu ya zile zitakazovunjika na kukatwa: karo 99. Fundi asiyejua hesabu hiyo ataharibu pesa za mwenye nyumba, ao atasimamisha kazi katikati.

Jifunze pia kupima pembe. Kutoka kona, pima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kati ya alama hizo mbili, kamba ikipata mita 5 kamili, pembe ni sawa. Mahali pa kuogea, sakafu iteremke kuelekea tundu la maji, sentimita 1 ao 2 kwa kila mita.

Mtahini anaweza kukuuliza kwa nini simenti ya kawaida haifai kila mahali. Sisi wa Kolwezi tuna jibu karibu. Katika kiwanda cha Luilu, kilichoanza mwaka 1960, shaba inapatikana kwa umeme ndani ya maji yenye asidi ya sulfuriki. Asidi inakula simenti ya kawaida. Kwa hiyo sakafu za kazi kama hiyo zinataka karo na gundi zinazostahimili asidi.

VUMBI HALIKUSAHAU

Hapa sikiliza vizuri, wewe uliyefanya kazi mgodini.

Karo, simenti yenye mchanga, na majiwe kama granite vina silika. Majiwe ya mgodi wetu yanayo pia: wachimbaji wanajua R.S.C., yale majiwe magumu yenye matundu yanayokaa kati ya tabaka mbili za madini. Ukikata karo pakavu kwa mashini, unatoa vumbi la namna ileile. Lile linaloonekana linaanguka chini. Lile la hatari ni dogo mno, jicho halilioni, nalo linafika ndani kabisa ya mapafu na kubaki humo. Ugonjwa wake unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuponyesha, na mwenye nao anapata kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Tangu mwaka 1997, wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani wameliandika vumbi hilo la kazini kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa watu. Australia ilipiga marufuku majiwe ya kutengenezwa yenye silika nyingi mwezi wa Julai 2024, kwa sababu yaliwaua mafundi waliokuwa wakiyakata.

Mapafu yako hayaanzi upya siku unapobadilisha kazi. Vumbi la karo linaongezwa juu ya lile la mgodi. Kwa hiyo:

– Kata kwa chombo cha mkono, kile kinachokwaruza karo na kuivunja kwa mstari. Kinatoa vumbi kidogo sana.
– Ikiwa ni lazima kutumia mashini, tumia ile inayomwagia maji kwenye msumeno.
– Vaa maski ya kweli ya vumbi, ya aina ya FFP2 ao FFP3, inayobana uso vizuri. Kitambaa hakizuii vumbi hilo, na ndevu zinalifungulia mlango.
– Usifagie pakavu. Mwagia maji kwanza, zaidi sana wakati wa kiangazi.
– Usikung'ute nguo za kazi nyumbani. Mke na watoto wako hawakuandikwa kazini.
– Katika nyumba na ofisi za zamani, karo za plastiki na gundi yake nyeusi zinaweza kuwa na amianti. Usizikwangue wala kuzikata. Simamisha kazi na uwaulize wanaojua.

Kabla ya kuanza masomo, mwone munganga. Mwambie miaka uliyofanya mgodini na mahali ulipofanya, kisha uliza kama unahitaji radio ya kifua.

MAGOTI, NGOZI NA MGONGO

Fundi wa karo anafanya kazi yake amepiga magoti. Goti likikaa juu ya simenti ngumu kila siku, linavimba na kujaa maji. Vaa vilinda-magoti vyenye sponji nene, na simama kila nusu saa ili unyooshe miguu. Ukisimama, tazama mstari wako kutoka mbali: hapo ndipo karo iliyopinda inaonekana. Goti linapumzika, kazi nayo inanyooka.

Usipige magoti ndani ya simenti mbichi. Ikipenya suruali, inachoma ngozi polepole. Mara nyingi mtu hasikii maumivu mapema, na anapoyasikia ngozi imekwisha kuungua. Vaa ganti zisizopitisha maji. Simenti ikikugusa, vua nguo iliyolowa na osha kwa maji mengi safi. Mikono ikianza kuwasha na kupasuka, usingoje: simenti nyingine zina kromi inayoleta ugonjwa wa ngozi, na ukishaupata unaweza kurudi kila ukigusa simenti.

Mfuko wa simenti una kilo 50. Ubebeni watu wawili, ao utumie toroli.

UMEME NA MAJI

Mashini ya maji na waya uliochunika ni kifo. Chunguza waya kabla ya kuuchomeka, uuinue kutoka majini, na tumia swichi inayokata umeme yenyewe ya miliampere 30. Ukibadilisha msumeno, chomoa waya kwanza.

RATIBA YA WIKI SITA

Wiki ya 1 na ya 2: hesabu, majina ya vyombo na kupima pembe, nusu saa kila jioni.

Wiki ya 3 na ya 4: weka karo kwenye mita 2 za mraba, kisha zitoe kabla gundi haijakauka, uanze tena. Pima kwa nivo na kwa ubao ulionyooka. Karo zikiisha kukauka, zigonge kwa kidole: sauti ya utupu inaonyesha kwamba gundi haikuenea chini.

Wiki ya 5: kata pembe, tundu la bomba na mstari wa ukutani. Acha nafasi ndogo kando ya ukuta, ili karo zipate pa kupanukia.

Wiki ya 6: fanya kazi nzima kwa saa, huku umevaa maski, ganti na vilinda-magoti. Asiyevizoea vitamsumbua mbele ya mtahini.

SIKU YA MTIHANI

Lala mapema, na usinywe pombe usiku ule. Ukifika, usikimbilie gundi. Safisha sakafu, pima, panga karo pakavu, ndipo uanze. Mtahini hatazami pavema peke yake. Anatazama pia mahali ulipoweka waya, namna unavyokata, na namna unavyoacha mahali pa kazi.

Ndugu mfanyakazi, cheti ni cha miaka mingi. Hakikisha kwamba kifua na magoti yako vitafika pamoja nacho.