Spika Kongwe na Amplifaya: Kwa Nini Hesabu ya Wati Haitoshi

Istilahi kipaza sauti hubeba maana mbili zinazokaribia kupingana: chombo kinachopokea sauti ya msemaji na kile kinachoitoa kwa hadhira. Ili kuepuka utata huo, makala haya yanatumia neno spika kwa chombo hicho cha pili (wa Bunge atawia radhi), na amplifaya kwa mtambo unaokuza mawimbi ya umeme kabla ya kuyafikisha kwenye spika.

Aghalabu mnunuzi wa amplifaya huangalia jambo moja tu, yaani idadi ya wati. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba wati hizo hupimwa maabarani kwa kutumia kizuizi cha umeme chenye ukinzani usiobadilika, kwa kawaida omu 8. Spika halisi haina utulivu huo. Ukinzani wake hupanda na kushuka kadiri masafa ya sauti yanavyobadilika kutoka besi nzito hadi mlio mwembamba, na katika baadhi ya spika kongwe mabadiliko hayo ni makubwa mno.

Mfano bora ni Quad ESL, spika iliyoundwa na Peter Walker huko Huntingdon, Uingereza, ikaanza kuuzwa mwaka 1957. Ndani yake hamna koni ya karatasi wala sumaku. Mna utando mwembamba wa plastiki uliotiwa chaji ya maelfu ya volti, ukawambwa baina ya bamba mbili zenye matundu. Mawimbi ya muziki yanapopita kwenye bamba, utando huvutwa huku na kule, nao husukuma hewa. Wapenzi wa muziki wangali wanaisifu spika hii kwa jinsi inavyoitoa sauti ya binadamu bila kuitia doa.

Tatizo ni kwamba bamba na utando huo, kwa upande wa umeme, ni kapasita. Sifa ya kapasita ni kuupitisha umeme kwa urahisi zaidi kadiri masafa yanavyopanda. Kwa hiyo ukinzani wa spika hii, ambao katika sehemu kubwa ya muziki ni omu 15 au zaidi, huporomoka hadi takriban omu 2 karibu na ukomo wa usikivu wa sikio. Amplifaya isiyo imara ikikutana na mzigo wa namna hiyo huweza kuanza kutetema yenyewe kwa masafa yasiyosikika, ikapata joto na hatimaye kuungua, huku mwenyewe akidhani mambo ni shwari.

Hatari ya pili inaielekea spika yenyewe. Volti zinazoingia hazipaswi kuzidi 33 kwenye kilele cha wimbi. Zikizidi, cheche huruka kati ya bamba na utando, na utando hutoboka. Amplifaya ya Quad II, ya vali, iliyotoka mwaka 1953, ilikuwa na wati 15 tu. Kilele chake ni kama volti 22 kwenye omu 16. Quad 303 ya transista, ya mwaka 1967, yenye wati 45 kwenye omu 8, hufika volti 27 hivi. Zote mbili zimo ndani ya mpaka. Lakini wati 100 kwenye omu 8 ni volti 40 kwenye kilele. Ndiyo maana Quad 405 ya mwaka 1975, ingawa ilitoka katika kiwanda kilekile, ilihitaji kuwekewa kidhibiti cha volti ilipounganishwa na spika hizo.

Isidhaniwe kwamba kila spika ngumu inataka amplifaya ndogo. Apogee Scintilla, iliyoundwa Marekani katika miaka ya 1980, hutumia utepe wa aluminiamu na inaweza kuunganishwa kwa omu 1. Volti 10 zinazovuta ampea 1.25 kwenye omu 8, hapa huvuta ampea 10 kamili. Mzigo huu hauogopi volti. Unadai mkondo mzito, na ugavi wa umeme wenye transfoma kubwa. Amplifaya nyingi zilizoandikwa wati 100 hukwama hapo, au huunguza fyuzi.

Hivyo basi, mwenye spika kongwe hana budi kuuliza maswali matatu kabla ya kuunganisha waya: volti za kilele ni ngapi, ampea ngapi zinapatikana ukinzani unaposhuka, na je, amplifaya hubaki imara mbele ya kapasita? Hila ya kuunganisha amplifaya mbili kuwa moja ili kuongeza nguvu haifai kwa yeyote kati ya spika hizi. Huzidisha volti, jambo linaloiua ESL. Na kila amplifaya huuona mzigo kama nusu ya ukinzani wake, jambo lisilovumilika kwa Scintilla. ESL iliacha kutengenezwa mwaka 1985, na utando uliotoboka hurekebishwa na mafundi wachache tu.