Joto Linalotoroka Kwenye Jiko la Kambini

Mwaka 1936 Mjerumani Erich Schumm aliingiza sokoni kidonge cheupe cha heksamini, kemikali inayopatikana kwa kuchanganya formaldehaidi na amonia. Bidhaa hiyo, Esbit, imeendelea kuwapikia askari na wapanda milima hadi leo. Jiko lake ni kibati cha kukunja kinachoingia mfukoni: unakikunjua, unaweka kidonge katikati, unawasha kiberiti, unabandika sufuria ndogo juu, basi. Wanaotaka kuliboresha jiko la aina hii nyumbani kwa kawaida huanza na moto. Wengine hutoboa matundu mapya kwenye kibati, wengine huongeza vidonge au hutafuta fueli kali zaidi. Naona wanahangaika pasipostahili. Moto wa kidonge hauna kasoro kubwa. Kazi iliyobaki iko kwenye sufuria na nafasi inayoizunguka.

Hesabu yake ni nyepesi. Kidonge cha gramu 14 kina nishati ya takribani kilojuli 420. Kupandisha joto la nusu lita ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 kunahitaji kilojuli 167 hivi. Kwa hiyo hata pale kidonge kimoja kinapofanikiwa kuchemsha maji hayo mpaka kikaisha, zaidi ya nusu ya joto limekwenda kwingine. Limepanda na hewa ya moto iliyopita ubavuni mwa sufuria bila kuigusa sawasawa, limetoka na mvuke kwa kukosa kifuniko, limepasha bati na ardhi. Hapo hatujautaja upepo, ambao huulaza mwali pembeni na kuiacha sufuria ikipigwa na ubaridi. Ukiongeza kidonge cha pili, umeongeza joto la kupotea kwa njia zile zile.

Ndiyo maana kinga ya upepo, kitu ambacho wengi hukiona kama nyongeza tu, ndiyo sehemu ya kwanza ya kutengeneza. Kazi yake haiishii kuzuia upepo. Ikikaa karibu na sufuria, huilazimisha hewa ya moto kupanda ikiambaa na ubavu wa sufuria, na kwa njia hiyo ubavu nao unapika. Samuel Baldwin, mtafiti Mmarekani aliyechapisha mwaka 1987 uchambuzi wake wa majiko ya kuni, alionyesha jinsi upenyo kati ya sufuria na ukuta unaoizunguka ulivyo na uzito: kuupanua kutoka milimita 8 hadi 10 tu kunaweza kupunguza karibu nusu ya joto ambalo sufuria ingelivuna hapo. Milimita mbili! Vipimo vyake vilihusu kuni, na mwali wa kidonge ni mdogo zaidi, kwa hiyo si busara kuvinakili kama vilivyo. Kanuni yenyewe lakini ni ile ile. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, ondoa kitako, toboa matundu kwa msumari ukingoni chini, kisha lizungushe jiko pamoja na sehemu kubwa ya ubavu wa sufuria. Anza na upenyo wa kidole kidogo, halafu upunguze hatua kwa hatua.

Atatokea wa kusema kwamba kulifungia jiko ndani ya kopo ni kuunyima moto hewa. Ana haki ya kuhofu, maana moto unaokosa hewa hutoa monoksidi ya kaboni na kuacha utando wa kahawia unaonata kwenye kitako cha sufuria. Jibu liko kwenye matundu ya chini na upenyo wa juu: hewa iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Mwali ukianza kurefuka na kuchungulia nje ya kopo, umebana mno. Kitako cha sufuria nacho kisiukandamize mwali. Ncha yake iguse tu, kwa kuwa chuma baridi huuzima moto kabla haujamaliza kuungua. Sufuria pana yenye kifuniko hushinda kikombe kirefu chembamba, na kipande cha karatasi ya alumini chini ya jiko husaidia ardhi inapokuwa na unyevu.

Wapo pia wanaoona ni afadhali kununua jiko la gesi. Gesi huchemsha haraka na moto wake hurekebishika, hilo halina ubishi. Ila jiko la kidonge halina mtungi, halina pampu, wala halivuji, na kwa chai na uji wa mtu mmoja linatosha. Tena kwa kukosa mtungi, linaweza kuzungushiwa kopo bila hofu. Mtungi wa gesi ukifungiwa hivyo huweza kupata moto na kulipuka, kwa hiyo somo hili lisihamishiwe huko. Mlimani kuna jambo jingine ambalo kopo halitatui: kwenye mita 4,000 maji huchemka kwenye nyuzi 87 hivi, yakitokota vizuri huku maharage yakibaki magumu.

Usikate kinga kutoka bati la paa, kwani zinki yake ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Usiliwashe jiko hili ndani ya hema au chumba kilichofungwa, kwa sababu heksamini ikiungua hutoa pia formaldehaidi na sianidi kidogo. Jaribu nje, kwa kiasi kile kile cha maji na kidonge cha uzito ule ule, ukibadilisha kitu kimoja kila mara: leo kifuniko, kesho upenyo. Msafiri wa ndege anaweza kubeba kopo lake na jiko lililosafishwa, lakini vidonge haviruhusiwi kwenye mizigo ya abiria; itabidi avinunue huko aendako.