Bangi na sonona: tuipime hoja ya "dawa"

Mzazi anapomkuta kijana wake na msokoto wa bangi, siku hizi hujibiwa kwamba hiyo ni dawa. Kijana hueleza kwamba halali usiku, moyo umemwelemea, hana hamu ya chakula wala ya kazi, na akivuta hupata nafuu. Huongeza kwamba Ulaya na Marekani madaktari wenyewe huwaandikia wagonjwa. Wazazi wengi hushindwa kujibu, wakaishia kwenye matusi au kumfukuza nyumbani. Sisi tunaohudumu katika kamati za misikiti huletewa mambo haya yakiwa yamekwisha kuharibika. Kwa hiyo tumeona ni wajibu kuipima hoja hii kwa uadilifu, kwani ndani yake mna ukweli na mna kosa.

Maradhi ni ya kweli

Sonona ni ugonjwa. Huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, kukosa hamu ya mambo yote, usingizi kupotea, kujiona huna thamani na kutamani kufa, hizo ni dalili zake. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, tabibu Mwislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kutofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana sababu yake, akaihusisha hii ya pili na mwili na kuielekeza kwenye tiba ya mwili.

Kumwambia mgonjwa wa namna hii kwamba imani yake ni haba ni kumdhulumu. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika kwa kumkosa mwanawe Yusuf hata macho yake yakaingia weupe, na hakuna anayethubutu kuitilia shaka imani yake.

Tiba imethibitisha nini?

Ni kweli kwamba zipo dawa zitokanazo na bangi. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji yenye kemikali ya kanabidioli isiyolevya, kwa aina nadra za kifafa kinachoanza utotoni. Tangu mwaka 1985 zipo pia dawa za kuzuia kichefuchefu kwa wanaotibiwa saratani. Uingereza nayo, Novemba 2018, iliwaruhusu madaktari bingwa kuandika dawa za aina hii kwa masharti.

Lakini Marekani haijaidhinisha dawa yoyote ya bangi kwa ajili ya sonona. Mwaka 2019 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha mapitio ya tafiti 83 kuhusu bangi na maradhi ya akili. Hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inatibu sonona. Mwaka huohuo, uchambuzi mwingine uliohusisha vijana zaidi ya 23,000 ulionesha kwamba waliotumia bangi wakiwa wadogo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata sonona na fikra za kujiua walipofikia utu uzima.

Mbona basi kijana huhisi nafuu? Kemikali iitwayo THC humlevya, ikamsahaulisha kwa saa chache. Akishaizoea kisha akaikosa, hupata hasira, kukosa usingizi na majonzi. Yeye hudhani ni maradhi yake yamerudi, akavuta tena. Hivyo kinachoitwa dawa huwa kinatuliza machungu ambayo chenyewe kimeyazidisha.

Sharia inasemaje?

Kinacholevya ni haramu, kiwe cha kunywewa au cha kuvutwa. Hata hivyo, wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafii wamejadili dharura ya tiba, na wameruhusu kumpa mmea unaopoteza fahamu mtu anayekatwa kiungo kilichooza. Dharura hiyo ina mipaka: haja iwe ya kweli, tabibu mwaminifu athibitishe manufaa, mbadala halali usiwepo, na kipimo kisizidi haja. Msokoto wa kijiweni hautimizi hata sharti moja: hakuna tabibu, hakuna kipimo, manufaa hayajathibitishwa, na mbadala upo. Isitoshe, sheria ya dawa za kulevya ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kumiliki na kutumia bangi.

Mbadala uliopo

Sonona hutibiwa kwa ushauri nasaha na kwa vidonge kama fluoxetine na amitriptyline. Vidonge hivi havitumiki kwa kulewa, navyo huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuonesha nguvu. Mgonjwa asiviache ghafla bila daktari. Familia ianzie kituo cha afya kilicho karibu, kitakachowaelekeza kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, Mirembe ya Dodoma au Kidongo Chekundu kwa walioko Unguja. Daktari aambiwe wazi kuhusu bangi, kwani kumficha ni kumpotosha. Dua na kisomo viendelee, maana Mtume (s.a.w.) alimwomba Allah kinga dhidi ya hamu na huzuni, na pia aliamrisha watu wajitibu.

Kijana akitamka kwamba anataka kufa, asiachwe peke yake hata kidogo. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Enyi wazazi, bangi ikatazwe bila kuyumba, lakini mkono unaomnyang'anya kijana msokoto ndio huohuo umshike kumpeleka kwa tabibu. Tukimfukuza tutakuwa tumeiondoa bangi nyumbani mwetu, na mgonjwa wetu tumemwachia muuzaji. Allah awaponye wagonjwa wetu na atupe subira ya kuwauguza. Amin.