Madai ya Kura Zinazovuka Mpaka: Yanayosemwa na Yanayothibitika

Uchaguzi unapokaribia, uwe wa Kenya au wa Uganda, hadithi moja hurudi mpakani kama mvua za masika. Husemwa kwamba usiku wa kuamkia siku ya kura watu watavushwa kwa njia za panya, watapewa vitambulisho, watapiga kura, kisha watarudishwa kwao kabla jua halijatua. Mgombea anayehofia kushindwa huisimulia kwa sauti kubwa. Anayejiona mshindi huikana kwa sauti iyo hiyo. Baada ya miaka mitano, hali zao zikigeuka, hubadilishana maneno kama waigizaji wanaobadilishana mavazi.

Wananchi wa Busia, Malaba, Lwakhakha na vijiji vya pande zote mbili wana haki ya kufahamu jambo hili kwa undani kuliko linavyoelezwa kwenye mikutano ya hadhara, kwa kuwa lawama ikishatamkwa huwaangukia wao kwanza. Mtu wa Kampala au Nairobi husikia neno "wageni" akaliacha lipite. Mtu wa Busia hulisikia akamtazama jirani yake.

Wakubwa kwa umri wanakumbuka mwanzo wa mwaka 2008. Matokeo ya urais nchini Kenya yalitangazwa tarehe 30 Desemba 2007, na ghasia zilizofuata ziliua watu zaidi ya 1,100 na kuwang'oa mamia ya maelfu kutoka makwao. Maelfu walivuka kuingia Uganda kupitia Busia na Malaba, na baadaye wengi wakapelekwa kambi ya Mulanda katika wilaya ya Tororo. Reli ing'olewapo Nairobi, petroli hupanda bei Kampala, Kigali na Bujumbura. Hilo nalo tulilishuhudia. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini iliona kwamba uchafuzi wa uchaguzi ule haukuwa wa upande mmoja. Masanduku yalijazwa kura katika ngome za vyama vyote viwili vikubwa, na hesabu ziliharibika kiasi kwamba haikuwezekana tena kujua kwa yakini nani alishinda. Kila upande ulikuwa umeona boriti katika jicho la mwenzake tu.

Sasa tulitazame neno lenyewe, "mgeni", maana hapa ndipo mabishano mengi huanzia na ndipo hufanyika makosa makubwa zaidi.

Hadi mwaka 1902, nchi yote inayoitwa leo magharibi ya Kenya ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliihamishia upande wa pili kwa kalamu, bila kuwauliza Wasamia, Wateso wala Wabukusu waliolala upande mmoja wakaamka upande mwingine. Mpaka ukaendelea kurekebishwa hadi mwaka 1926, na ndiyo sababu Katiba ya Uganda huitaja tarehe 1 Februari 1926 inapoeleza uraia wa kuzaliwa. Mtu aliyezaliwa Uganda, ambaye mmoja wa wazazi au wa mababu na mabibi zake alitoka katika jamii zilizokuwa zikikaa ndani ya mipaka ya Uganda siku hiyo, ni raia. Jamii hizo zimeorodheshwa mwishoni mwa Katiba, na Wasamia, Wateso na Wagisu wamo. Kwa upande wake, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtambua kuwa raia mtoto ambaye baba au mama yake ni raia wa Kenya, awe amezaliwa Kenya au ng'ambo. Mtoto wa mama Mkenya aliyezaliwa hospitalini Tororo ni Mkenya. Nchi zote mbili, zaidi ya hayo, sasa zinaruhusu uraia pacha kwa utaratibu uliowekwa na sheria.

Kutokana na hayo, lugha, jina la ukoo na lafudhi havithibitishi lolote kuhusu haki ya kupiga kura. Mtu aweza kuwa na duka upande mmoja, shamba upande wa pili, na haki halali ya kupiga kura katika nchi zote mbili. Aonekanapo akivuka asubuhi ya siku ya uchaguzi, hajavunja sheria yoyote kwa kuvuka. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanasafiri baina ya nchi hizi kwa kitambulisho cha taifa peke yake, na katika kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia ukaguzi wa pande zote mbili hufanyika mahali pamoja. Anayehesabu watu wanaovuka na kuziita idadi hizo "kura za wizi" hajahesabu chochote.

Hata hivyo hatusemi kwamba udanganyifu wa namna hii hauwezekani. Unawezekana pale mtu asiye raia anapojipatia kitambulisho kwa hila, mara nyingi kwa ushuhuda wa uongo wa mzee au kiongozi wa mtaa aliyehongwa, kisha akaandikishwa. Kwa hiyo mlango wa udanganyifu huu upo katika ofisi ya usajili, tena miezi mingi kabla ya kura. Mwenye nia ya kuuzuia akaenda kusimama barabarani siku ya uchaguzi amechelewa, na pengine atamdhuru asiye na hatia.

Daftari la wapiga kura, ambalo wenzetu wa Kenya huliita sajili, ndilo la kuangaliwa. Katika nchi zote mbili sheria inataka liwekwe wazi kabla ya uchaguzi ili wananchi walikague. Uganda huonyesha daftari karibu na makazi ya watu, na mpiga kura anaruhusiwa kupinga jina la asiyestahili au kudai jina lililoachwa. Pingamizi husikilizwa kabla daftari halijafungwa. Siku hizo za maonyesho aghalabu huwa tulivu mno. Vyama vinavyopiga kelele za wageni mwezi wa mwisho havionekani pale ambapo jina la huyo mgeni lingeweza kufutwa kwa utaratibu wa kawaida. Mwananchi anayetaka kujua ni nani anayeogopa wizi kweli, na ni nani anayetayarisha kisingizio, atazame ni chama gani kilichotuma mawakala wakati huo.

Kuna pia suala la wafu. Ripoti ya Kriegler ilikadiria kwamba daftari la Kenya la mwaka 2007 lilikuwa na watu wapatao 1,200,000 waliokwisha kufa. Likaanzishwa daftari jipya, la alama za vidole. Lakini ukaguzi wa kampuni ya KPMG kabla ya uchaguzi wa mwaka 2022 bado ulikuta majina 246,465 ya marehemu. Idadi hiyo inatisha, na wanasiasa hawakukosea kuitaja. Walichokosea baadhi yao ni kuitaja kana kwamba ni kura 246,465. Jina la marehemu hubaki daftarini kwa sababu nyingi za kawaida: familia haikuandikisha kifo, au taarifa haikufika kwenye tume. Jina hilo huwa kura pale tu mtu mwingine anapolitumia, na kwa mashine inayosoma kidole jambo hilo limekuwa gumu zaidi kuliko zamani. Daftari chafu ni mlango usio na kufuli. Lakini mlango usio na kufuli haumaanishi kwamba mwizi ameshaingia. Wa kufungwa unafungwa, na wa kuibiwa anathibitisha kilichoibwa.

Mashine nazo hukwama. Mwaka 2022 mashine za utambuzi zilishindwa kufanya kazi katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni, na ikabidi daftari la karatasi litumike. Kwa aliyesimama foleni tangu alfajiri, tukio kama hilo linafanana sana na hila. Sheria ilikuwa imelitazamia: mpiga kura asiyetambuliwa kwa kidole hujaziwa fomu maalumu, mbele ya mawakala wa vyama, na fomu hiyo huhifadhiwa. Wakala mwerevu huandika saa mashine ilipokwama, saa iliporudi, na watu wangapi walipiga kura kwa karatasi. Asiye na maandishi hayo jioni hubaki na hasira tu.

Tukija kwenye mahakama, ndipo tofauti baina ya dai na ushahidi inapoonekana vizuri. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, ilibatilisha uchaguzi wa rais. Wengi hudhani ilikuta kura za bandia. Kiini cha hukumu kilikuwa namna matokeo yalivyosafirishwa na kuhakikiwa, na tume ya uchaguzi kukataa kufungua mitambo yake ikaguliwe ipasavyo ingawa mahakama iliagiza. Miaka mitano baadaye mahakama iyo hiyo ilipokea madai mazito zaidi, yakiwa na nyaraka za kompyuta za kuonyesha kwamba matokeo yalibadilishwa. Safari hii picha za Fomu 34A za vituo vyote zilikuwa zimewekwa hadharani, na masajili wa mahakama wakasimamia ukaguzi. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba walikataa madai. Walisema kwamba baadhi ya nyaraka zile zilikuwa za uchaguzi wa 2017, au zilighushiwa moja kwa moja.

Malawi ilikwenda njia nyingine. Katika uchaguzi wa Mei 2019 fomu nyingi za matokeo zilikuwa zimepakwa wino mweupe wa kufutia, na tarakimu mpya zikaandikwa juu yake. Fomu zenyewe zilipelekwa mahakamani, majaji wakaziona, na tarehe 3 Februari 2020 uchaguzi ukabatilishwa. Uliporudiwa Juni mwaka huo aliyekuwa mpinzani, Lazarus Chakwera, alishinda. Nchini Uganda, kwa upande mwingine, katika mashauri ya mwaka 2001 na 2006 Mahakama ya Juu ilikiri kwamba sheria haikufuatwa katika mambo kadhaa, lakini majaji wengi, watatu kwa wawili na kisha wanne kwa watatu, waliona kwamba dosari hizo hazikuthibitishwa kuwa ziliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Kuna wanasheria wanaolalamika kwamba kipimo hicho ni kizito mno kwa mlalamikaji, na hoja yao haistahili kudharauliwa.

Pengine msomaji atauliza: kura chache za mpakani zingebadili nini? Hesabu ya mwaka 2022 inajibu kwa namna mbili. William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Vituo vilikuwa 46,229. Gawanya, utapata kura tano kwa kila kituo. Kwa hiyo anayesema kwamba kosa dogo halina maana amekosea, kwani kosa dogo likirudiwa kila mahali lingetosha kugeuza rais. Lakini anayesema kwamba mabasi mawili yaliyovuka Malaba yalimpa mtu urais amekosea zaidi. Hatari ya kweli ya kura za kuletwa ipo kwenye nafasi ndogo, diwani au mwakilishi wa wadi, ambako mshindi huweza kupatikana kwa kura mia moja. Huko, tena, wanaoletwa huwa mara nyingi raia halali kutoka jimbo la jirani, na mpaka wa kimataifa hauhusiki hata kidogo.

Basi mwananchi aliyeona jambo afanye nini? Akiona gari lililobeba watu anaowashuku, aandike namba ya gari, saa, mahali liliposimama na idadi ya watu, kisha aripoti kituo cha polisi kilicho karibu au kwa wakala wa chama anachokiamini. Atutenganishie alichokiona mwenyewe na alichosimuliwa. Vyote tutavipokea, ila kwa uzito tofauti. Asiwazuie abiria, asiwanyang'anye vitambulisho, asiwapige picha na kuzisambaza kwenye makundi ya simu kwa maneno "wezi wa kura". Kumzuia mpiga kura halali ni kosa la uchaguzi, hata kama mzuiaji aliamini analinda demokrasia. Vijana wanaojiita walinzi wa kura na kuweka vizuizi njiani hawana mamlaka yoyote ya kukagua uraia wa mtu. Kazi hiyo ni ya maafisa wa uhamiaji, na ndani ya kituo ni ya msimamizi wa kituo. Askari mwenyewe, awe na cheo gani, hahesabu kura, hajazi fomu na hamchagulii mtu. Mwananchi akimwona askari akifanya hayo, hilo nalo aliandike, na jina au namba ya askari huyo iwepo.

Kura zikishahesabiwa, matokeo hubandikwa kituoni. Picha ya karatasi hiyo, yenye sahihi za mawakala na jina la kituo likisomeka, ina thamani kuliko hotuba mia moja. Mahakama ya Rufani ya Kenya iliamua Juni 2017 kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa kwenye jimbo ni ya mwisho, na makao makuu hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Ndiyo maana nakala za vituoni huwa na nguvu mahakamani.

Muda wa kulalamika ni mfupi, na wengi huupoteza barabarani. Nchini Kenya ombi la kupinga matokeo ya urais huwasilishwa ndani ya siku 7 tangu kutangazwa, na mahakama huamua ndani ya siku 14. Nchini Uganda ni siku 15 za kuwasilisha na siku 45 za kuamua. Kenya inatarajia kupiga kura tarehe 10 Agosti 2027. Aliyehama, aliyefiwa na ndugu ambaye jina lake bado limo daftarini, au aliyebadili kitambulisho, aende mapema kwenye ofisi ya tume iliyo karibu naye, akiwa na kitambulisho chake na, kwa aliyefiwa, cheti cha kifo.