Spea ikichoka: Kubadili mapema au kusubiri ikufie njiani?

JUMAPILI ya Juni 27, 2021, Thierry Neuville aliamka Naivasha akiwa na Safari Rally mkononi. Mbelgiji huyo wa Hyundai alikuwa anaongoza kwa karibu dakika moja, na zilibaki hatua tano tu kabla ya kupanda jukwaani. Mbio za dunia zilikuwa zimerudi Kenya baada ya miaka 19, mashabiki wamejaa vumbi hadi kwenye kope, na kila mtu alijua nani anabeba kombe.

Hakufika mbali. Katika hatua ya kwanza ya siku hiyo, Loldia, shokapu ya nyuma upande wa kulia ikavunjika. Gari likaegemea upande mmoja, likamaliza hatua kwa kujikokota, na mchezo ukaishia hapo. Sebastien Ogier wa Toyota akachukua ushindi, Takamoto Katsuta akawa wa pili na Ott Tanak wa tatu.

Kumbe hata Ogier shokapu ilimsumbua wikiendi ileile. Tofauti ni kwamba yake ilileta shida Ijumaa. Alipoteza muda mwingi, lakini alikuwa na siku mbili za kuufukuzia. Ya Neuville ilisubiri hadi Jumapili, siku ambayo hakuna tena pa kufidia.

Ndo maana kwenye mbio za magari kuna swali linalowanyima mafundi usingizi kuliko hata swali la kasi: kifaa kinachofanya kazi vizuri leo, unakitoa lini?

Dakika 45 za usiku

Kwenye mashindano ya dunia, fundi hana usiku mzima wa kuchezea gari. Asubuhi anapewa dakika 15. Jioni, gari likirudi limepigwa na mawe na vumbi la Kedong, anapewa dakika 45. Muda ukipita, dereva anapigwa adhabu ya sekunde. Wakiwa barabarani kati ya hatua na hatua, dereva na msoma ramani wake ndio pekee wanaoruhusiwa kugusa gari, tena kwa vifaa walivyobeba wenyewe.

Kwa hiyo uamuzi hufanyika kabla gari halijaingia kwenye hema. Timu kubwa hazisubiri kifaa kipige kelele. Kila kifaa cha maana kina rekodi yake: kimefungwa lini, kimekimbia kilomita ngapi za mashindano, kimepita kwenye barabara ya aina gani. Kikifika kilomita zake kinatoka, hata kama kwa macho kinang'aa.

Mtu wa nje anaweza kuona huo ni ufujaji. Lakini chuma kina tabia ya kuficha ugonjwa. Ufa mwembamba huanzia ndani au kwenye kona ndogo, unakua kila gari linaporuka na kutua, na siku unapoonekana kwa macho mara nyingi kifaa kimeshakatika. Ukisubiri ushahidi, ushahidi wenyewe ndio ajali.

Simba wa Kenya na Volvo ya mtumba

Watu wa zamani hawakuwa na kompyuta, lakini hesabu hiyo waliijua. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake, Jaswant, waliingia Safari na Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika na timu ya kiwanda. Yaani gari lililokuwa limeshakula mashimo ya Afrika Mashariki.

Ndugu hao waliliandaa wenyewe kwa mikono yao. Walilijua kwa kulifungua, sio kwa kuambiwa. Wakaanza wa kwanza kwenye msitari, na wakamaliza wa kwanza kwa tofauti ya dakika 100 dhidi ya waliowafuata.

Ilikuwa enzi ambayo Safari ilikuwa inatafuna magari kama karanga. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi saba. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, yakarudi saba tena. Joginder alikuwa mmoja wa hao saba wa 1968, akiwa wa tano na Datsun. Katika Safari zake 22, alimaliza 19. Ushindi wake ulikuwa mara tatu, 1965, 1974 na 1976, lakini hiyo 19 ndiyo inayowafanya mafundi wavue kofia. Kumaliza mara 19 kwenye barabara zile hakuji kwa bahati, kunakuja kwa kujua kipi kitakufa kesho.

Sainz na mita zilizogoma

Ukitaka kuona bei ya kifaa kimoja, mtazame Carlos Sainz, baba wa yule wa Formula 1. Novemba 1998 nchini Uingereza, Mhispania huyo alikuwa kwenye hatua ya mwisho ya raundi ya mwisho ya msimu. Alihitaji nafasi ya nne tu awe bingwa wa dunia, na alikuwa wa nne. Mpinzani wake, Tommi Makinen, alikuwa ameshatoka kwenye mashindano tangu siku ya kwanza.

Zikiwa zimebaki mita zisizofika 500, injini ya Toyota Corolla yake ikafa. Moshi, kisha moto, kisha kimya. Msoma ramani wake, Luis Moya, alishuka na kulipigiza gari helmeti kwa hasira hadi kioo cha nyuma kikapasuka. Makinen akawa bingwa kwa tofauti ya pointi mbili, 58 kwa 56. Msimu mzima ulizimika ukiwa unauona mstari.

Kifaa kinaweza kuwa kidogo kuliko hapo. Mwaka 2016 kwenye saa 24 za Le Mans, Toyota ya Kazuki Nakajima ilikuwa inaongoza zikiwa zimebaki dakika chache. Kiungio cha bomba la hewa, kati ya tabo na kipoza hewa chake, kikaleta hitilafu. Gari likakosa nguvu, Porsche ikapita, na saa 24 za jasho zikaenda na kiungio.

Kwa nini basi wasibadili kila kitu?

Jibu la haraka ni kwamba badili vyote kila mara. Lakini mafundi wazoefu wanajua kipya nacho kinakufa. Kifaa kinaweza kutoka kiwandani na kasoro, au boliti ikakazwa vibaya na fundi aliyechoka saa sita usiku. Vifaa vingi hufa katika vipindi viwili: vikiwa vichanga sana au vikiwa vizee sana. Katikati hapo ndo vinafanya kazi bila maneno.

Ndiyo sababu madereva wa reli hupewa muda wa kujaribu magari kabla ya mashindano kuanza rasmi. Kipya kifungwe mapema, kikimbizwe kidogo, kikaguliwe, ndipo kiaminiwe. Kufunga kifaa kigeni usiku wa kuamkia mashindano ni kubadili hatari moja kwa nyingine.

Kwenye Formula 1, kubadili kuna bei iliyoandikwa. Idadi ya injini kwa msimu ina kikomo, ukizidisha unarudishwa nyuma kwenye mpangilio wa kuanzia. Lewis Hamilton ameonja pande zote mbili. Mwaka 2016 pale Sepang, Malaysia, injini yake ililipuka akiwa anaongoza, na mwisho wa msimu akaukosa ubingwa kwa pointi tano mbele ya mwenzake wa Mercedes, Nico Rosberg.

Miaka mitano baadaye, Novemba 2021 nchini Brazil, Mercedes wakaamua kumfungia injini mpya kwa hiari na kukubali adhabu ya kurudi nyuma nafasi tano. Hamilton akaanza wa 10, akashinda. Safari hiyo walilipa kidogo mapema ili wasilipe kikubwa baadaye.

Maswali matatu ya fundi

Ukikusanya yote hayo, uamuzi unaegemea maswali matatu. La kwanza: kikifa, nini kinatokea? Balbu ya ndani ikifa, utaendesha. Boljointi ikichomoka kwenye mwendo, gurudumu linalala na usukani hausikii tena. La pili: kinatoa taarifa kabla ya kufa? Beringi ya gurudumu huvuma, breki pedi hulia, bushi hugonga. Hivyo vinaweza kusubiriwa kwa jicho la karibu. Lakini kuna vinavyokata roho bila kuaga. La tatu: kukibadili leo kunagharimu nini ukilinganisha na kukibadili porini?

Kisichotoa taarifa na kinachoua kikifa, hicho hutolewa kwa kalenda na kilomita. Kinachotoa taarifa, hutolewa kwa dalili. Kisicho na madhara, kiache kifie kazini.

Maswali hayo hayahitaji gari la mashindano. Mwenye Hilux au Prado ya dizeli anaifahamu taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Taa hiyo haijui kama mkanda wa taimingi umechoka. Inahesabu kilomita tu, na ikiwaka inasema muda umefika. Wapo wanaoizima kwa sababu gari "bado linadunda". Mkanda hauna kelele ya kuaga. Ukikatika kwenye injini nyingi, pistoni na valvu zinagongana, na bei ya mkanda inageuka bei ya injini. Tena ukinunua gari la mtumba ambalo kilomita zake huziamini, hesabu salama ni kuanza upya kwa mkanda mpya na kuandika tarehe.

Tairi nayo ina siku yake ya kuzaliwa ubavuni: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Iliyoandikwa 2319 ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake bado ndefu. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu taratibu. Kwenye mteremko mrefu, breki zikipata moto, unyevu huo unageuka mvuke na pedali inazama bila kushika.

Dereva wa reli anayejilipia mwenyewe, kama walivyo wengi wa Afrika Mashariki, ndiye anayekutana na swali hili likiwa uchi. Hana lori la spea. Ana fedha ya shokapu mbili, na gari lina nne. Anaandika kilomita kwenye daftari, anafunga mpya pale kwenye kazi nzito, na zile alizozitoa zikiwa bado nzima anazifunga kitambaa na kuzibeba kama akiba.

Daftari hilo ni rahisi kuliko spea yoyote iliyomo gerejini. Na siku gari linapovuka mstari, hakuna anayelipigia makofi, kwa sababu kazi yake yote ni kuhakikisha hakuna kilichotokea.