Weka kiasi: dawa za jikoni na swali la kipimo

Mjukuu anayempigia bibi yake simu kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga kuuliza dawa ya kikohozi huwa na kalamu na karatasi mkononi, na karatasi hiyo mara nyingi hubaki tupu. Tangawizi ngapi, bibi? "Kiasi tu, mwanangu." Na ndimu je? "Weka kiasi." Ichemke muda gani? "Mpaka ikolee." Bibi hafichi kitu. Mkono wake umepika chai hiyo miaka na miaka, unajua wenyewe pa kukomea. Tatizo ni kwamba mkono haupiti kwenye simu.

Kwenye chai ya tangawizi haidhuru sana. Ikizidi, mnywaji atawashwa koo na kuongeza maji. Lakini kabati la jikoni lina vitu vya kila namna: vingine ni dawa kweli, vingine ni faraja tu, na vichache ni sumu vikipita kipimo. Wengi huvipanga kwa kuuliza kipi ni cha asili na kipi ni cha kiwandani. Mpangilio huo hausaidii kitu, maana hata sumu ya nyoka ni ya asili.

Asali ni miongoni mwa vilivyopita mtihani. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, waliwagawa watoto 105 waliokuwa wakikohoa usiku katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa asali nusu saa kabla ya kulala, la pili dawa ya kikohozi ya dukani iliyotiwa ladha ya asali, na la tatu halikupewa kitu. Kwa mujibu wa wazazi waliokesha nao, watoto wa asali ndio waliopata nafuu zaidi. Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka 2018 nao uliitaja asali miongoni mwa vitu vya kujaribu kwanza kwa kikohozi cha mafua, kwa kuwa kikohozi cha namna hiyo hakiondolewi na antibaiotiki.

Asali ina mpaka mmoja usiovukwa: mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi, hata kwa ncha ya kidole. Ndani yake huweza kujificha mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Tumbo la mtu mzima huzipitisha bila shida, ila kwenye utumbo mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Kuichemsha asali hakusaidii, kwani mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka. Na asali yenyewe iwe asali. Sokoni kuna chupa nyingi zenye nembo ya Tabora ambazo ndani yake ni sukari iliyochemshwa ikaungua kidogo.

Kujifukiza ni habari nyingine. Mwaka 2020, Korona ilipoingia, Watanzania wengi walipiga nyungu: sufuria ya majani ya mwarobaini, mchaichai, malimau na tangawizi, blanketi juu ya kichwa, jasho likitiririka. Anayetoka chini ya blanketi hujisikia mwepesi na pua imefunguka, na hilo ni kweli kabisa, kwa sababu mvuke hulainisha kamasi. Ila kirusi huishi ndani ya seli za mwili, na joto la kumuua huko ndani lingeunguza koo kwanza. Tafiti za mvuke kwa mafua ya kawaida hazijaonyesha faida inayoeleweka. Zaidi ya hapo, sufuria ya maji ya moto juu ya kigoda kinachoyumba, na mtoto aliyefunikwa asione mbele, ni ajali inayosubiri saa yake.

Ajali hiyo ikitokea, dawa iko bombani. Sehemu iliyoungua ipitishiwe maji baridi ya kawaida, yasiwe barafu, kwa dakika 20 kamili. Dakika 20 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa mtoto akiwa analia. Majirani watakuja mbio na dawa ya meno, ute wa yai, unga, mafuta ya kupikia. Vyote hivyo hufungia joto ndani au huingiza vijidudu, na muuguzi atalazimika kuvikwangua juu ya kidonda kibichi kabla hajaanza kazi yake.

Huko Pemba, ambako msimu wa mavuno harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi humfikia mgeni kabla hajaiona nyumba, jino likiuma mtu huweka karafuu kwenye tundu. Hapa bibi ana sayansi kamili. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo eugenol, ambayo hutia ganzi mishipa ya fahamu na kuua bakteria, na madaktari wa meno wameitumia kwa vizazi, wakiichanganya na unga wa oksidi ya zinki kuzibia meno kwa muda. Lakini kijiko cha mafuta hayo kikinywewa na mtoto mdogo kinaweza kuharibu ini. Na ganzi haizibi tundu: usaha huendelea kujikusanya chini kimya kimya, na mgonjwa aliyelala vizuri siku tatu huamka ya nne shavu limefura.

Choya nayo inastahili kutajwa. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2010, watu wazima 65 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa juu kidogo waligawanywa: wengine walikunywa vikombe vitatu vya choya kila siku kwa wiki sita, wengine kinywaji kilichofanana nayo. Namba ya juu ya shinikizo ilishuka kwa takriban pointi 7 kwa wanywaji wa choya, na kwa pointi 1 hivi kwa wengine. Pointi 7 si haba. Ila hao hawakuwa wagonjwa wa shinikizo la 180, na anayeweka vidonge vyake kabatini kwa sababu amepata choya anacheza na kiharusi. Aliyeandikiwa dawa za kuzuia damu kuganda naye amweleze daktari kama anameza kitunguu saumu kila asubuhi, maana viwili hivyo huongezeana nguvu.

Homa ndiyo inayowaponza wengi. Mwarobaini ulipewa jina hilo kwa imani kwamba unatibu magonjwa arobaini, na malaria huwa ya kwanza kwenye orodha. Uchungu wake humshawishi mtu kwamba kitu chochote kichungu namna hii lazima kifanye kazi. Unafanya kazi kweli, shambani: dawa inayokamuliwa kwenye mbegu zake hufukuza wadudu wa mazao. Mafuta ya mbegu hizo hizo wakinyweshwa watoto wadogo yamewahi kuwaletea degedege na kupoteza fahamu.

Kuna mmea ambao kweli ulizaa dawa ya malaria, na kisa chake ni kisa cha kipimo. Katika karne ya 4, mganga wa Kichina Ge Hong aliandika kwamba mwenye homa za vipindi aloweke konzi moja ya mmea wa qinghao kwenye maji, akamue, anywe maji yake. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye, mtafiti Tu Youyou aliyasoma maelekezo hayo akagundua kitu alichokipita kila aliyemtangulia: Ge Hong hakusema kuchemsha. Moto ulikuwa ukiiua dawa. Tu akatumia kiyeyushi kinachochemka kwa joto dogo, na mwaka 1972 kikundi chake kikapata kiini safi kilichopewa jina artemisinin. Mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Leo dawa mseto inayotolewa zahanati hutokana na kiini hicho kikiunganishwa na dawa nyingine.

Mmea huo, artemisia, hulimwa pia Afrika Mashariki, na majani yake makavu huuzwa kama chai. Kikombe kimoja kinaweza kuwa na kiini kingi, cha pili kidogo, cha tatu karibu hamna. Vimelea vinavyoguswa na dawa pungufu havifi, vinajifunza. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani hayo kwa malaria, na wasiwasi wake una sababu: vimelea vinavyoanza kuihimili artemisinin vimeshathibitishwa Rwanda, Uganda, Tanzania na Eritrea. Mwenye homa aende akatobolewe kidole. Kipimo cha malaria huchukua muda usiozidi nusu saa, na chai ya tangawizi anaweza kuinywa akirudi.

Dawa ya nyumbani iliyookoa watu wengi kuliko zote hizi haina jani, haina harufu, wala haina mganga anayejisifu nayo. Ni maji, sukari na chumvi.

Mwaka 1971 vita ya kuzaliwa kwa Bangladesh iliwamwaga wakimbizi kwa mamilioni nchini India. Kwenye mji wa mpakani wa Bangaon kipindupindu kikaingia makambini, na wagonjwa wakalala sakafuni bega kwa bega. Dripu zikaanza kuisha. Daktari kijana, Dilip Mahalanabis, akaamua jambo ambalo wakubwa wengi wa udaktari wakati huo hawakulikubali: alichanganya chumvi na sukari kwenye maji, akawaambia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe, kikombe baada ya kikombe. Kabla ya hapo vifo vilifikia karibu wagonjwa 30 katika kila 100. Kwa waliokuwa chini yake vilishuka hadi chini ya 4. Mwaka 1978 jarida la Lancet lilisema huenda huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko wote wa tiba katika karne nzima.

Siri iko kwenye ukuta wa utumbo. Anayeharisha akinywa maji matupu, mengi hupita tu. Lakini kwenye ukuta huo kuna mlango unaofunguka pale tu sukari na chumvi zinapobisha pamoja, jambo lililoelezwa na mwanasayansi Robert Crane mwaka 1960. Zikiingia, maji huzifuata nyuma. Sumu ya kipindupindu huvuruga karibu kila kitu utumboni, ila mlango huo huuacha mzima.

Ni mlango wenye masharti. Sukari ikizidi, huvuta maji kutoka mwilini kuyarudisha utumboni, na kuhara huongezeka. Ndiyo sababu soda na juisi za pakiti hazifai. Chumvi ikizidi, inaweza kumletea mtoto degedege. Dafu, linalosifiwa sana pwani, lina potasiamu nyingi ila chumvi yake ni ndogo mno kwa anayeharisha sana. Pakiti ya chumvi na sukari iuzwayo duka la dawa kwa jina la ORS ndiyo chaguo la kwanza, maana imepimwa tayari. Duka likiwa limefungwa, kipimo ni hiki: maji safi lita 1, yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko vyote viwe vya kusawazisha, yaani mgongo wa kisu upitishwe juu, kilima kianguke. Lita hiyo isilale zaidi ya saa 24.

Mtoto wa chini ya miaka miwili anywe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, taratibu. Akitapika, asubiriwe dakika kumi, kisha aanze tena polepole zaidi. Kunyonya kusikatishwe. Kituo cha afya kitampa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Na yapo ambayo sufuria haiyawezi: damu kwenye choo, macho yaliyodidimia, mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa, matapishi yasiyokoma. Hapo ni kubeba mtoto na kuondoka, chupa ikiwa mkononi njia nzima.

Swali la bibi na simu lilijibiwa Bangladesh. Shirika la BRAC lilipoanza mwaka 1980 kuwafundisha akina mama nyumba kwa nyumba, vijijini hapakuwa na vijiko vya kulingana wala chupa za lita. Kulikuwa na mikono. Walimu wakafundisha chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, na sukari guru ya kujaa gao moja, kwenye nusu lita ya maji. (Neno letu "guru" ni hilo hilo la Bara Hindi, gur, lilikuja pwani pamoja na bidhaa yenyewe.) Kisha likafanyika jambo ambalo jikoni kwetu halijafanyika: mkono ukapimwa. Wakaguzi walirudi baadaye kuwauliza akina mama wanakumbuka nini na kuwaomba wachanganye upya, na malipo ya mwalimu yakategemea majibu yao. Katika miaka kumi zilifikiwa kaya zaidi ya milioni 12.

Kuna ukaguzi mwingine usiohitaji hata kijiko, na huo bibi wa Tanga anaweza kuueleza kwa simu mjukuu akaandika. Kabla mtoto hajapewa, mama aonje kwanza. Maji hayo yasiwe na chumvi kuliko machozi. Yakizidi, yamwagwe, sufuria isuuzwe, aanze upya.